Kabla ya Kikao cha Jumamosi

"Hapa ndipo wanaume watalia," Nahodha alisema, akigonga ramani kwa kidole. "Njia inabana. Kulia ukuta wa mwamba, kushoto korongo, na mchanga umelala juu ya mawe kama unga. Anayetaka kujionyesha ajionyeshe kwingine."

"Na wanawake je?" Shangazi aliuliza.

"Wanawake watakuwa wameshapita, shangazi."

Kicheko kikajaa karakana. Ramani ya jangwa ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya kukatia ngozi, pembe zake zimekandamizwa kwa mkasi na makopo ya gundi. Kundi zima la waendesha pikipiki lilikuwa limeiinamia. Shangazi, mkunga mstaafu aliyemlea Nahodha tangu utotoni, alikuwa na pikipiki kubwa kuliko ya mwanamume yeyote mle ndani. Kinyozi, mcheshi wao, alikuwa anauliza kama huko makorongoni kuna mtu wa kunyolewa.

Mwenye karakana hakucheka. Alikuwa mshona viti vya pikipiki na mwendeshaji mwenzao, wote wakimwita Fundi, na alikuwa mchumba wake Nahodha. Alikaa nyuma ya cherehani akimtazama mwanamume aliyempenda akiwaeleza watu njia ya kifo kwa furaha vile. Maana yeye peke yake ndiye aliyejua.

Miezi michache nyuma, jikoni kwake, Nahodha alikuwa akimimina chai. Ghafla akaenda chini kama gunia, yeye na birika. Alipozinduka alimshika Fundi mkono.

"Usimwambie mtu. Hata shangazi."

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari alimkataza kuendesha chombo chochote. Nahodha aliitikia kama mtoto mtiifu, na kesho yake akawasha pikipiki.

"Safari hii moja tu, mpenzi. Nikirudi tunafunga ndoa, na pikipiki naiuza."

Fundi alilia, akanuna, akabembelezwa, akanyamaza.

Kikao kilipokwisha, Nahodha alitoka kumsaidia Kinyozi kusukuma pikipiki yake iliyogoma kuwaka. Simu yake ilibaki mezani. Ikaita mlio mfupi. Jina: Mwenyeji. Huyo alikuwa mwanamke wa huko jangwani, anayejua makorongo yale kama uwanja wa nyumba yake, na ndiye angewapokea. Fundi hakuwa na tabia ya kupekua simu, lakini maneno yalikuwa wazi juu ya kioo.

"Nimekubali. Lakini mchumba wako mwambie mwenyewe kabla ya Jumamosi. Anastahili kusikia kwako, si kwa watu."

Akaichukua simu. Akaifungua. Juu ya ujumbe ule kulikuwa na maneno ya Nahodha: "Moyo wangu mzito, ila nimeshaamua. Sijui nitayatazama vipi macho yake."

Nahodha aliingia akijifuta mikono.

"Mwenyeji ni nani kwako?"

"Si unamjua? Yule wa kutupokea."

"Nimeuliza, ni nani kwako?"

Nahodha aliiona simu mkononi mwake, uso ukabadilika. "Nipe mpaka kikao cha Jumamosi. Nitasema yote mbele ya wote. Nakuomba."

"Mbele ya wote! Unataka kuniacha na mashahidi?"

"Kukuacha? Hebu nisikilize, Fundi..."

"Toka."

"Sikiliza kwanza..."

Fundi alikanyaga cherehani. Ikanguruma, sauti ya Nahodha ikamezwa. Alisimama pale midomo ikichezacheza, mpaka akaona anajiaibisha bure. Akachukua simu yake, akaondoka.

Jioni haijaingia, Fundi aliandika kwenye kundi lao la safari:

"Nyote mnaomfuata huyo Nahodha wenu, jueni ana maradhi ya kuzimia. Alianguka jikoni kwangu mate yakimtoka. Daktari kamkataza kuendesha, naye anawadanganya. Akiwatumbukiza korongoni msiseme hamkuambiwa."

Akabonyeza.

Kinyozi akaandika: "Fundi, huu ni utani?"

Mwingine: "Mwezi uliopita huyu alimpakia binti yangu!"

Mwingine: "Mtu mzima kuchezea roho za watu. Laana."

Kisha: "Nahodha ameondoka kwenye kundi."

Utamu wa kisasi ulidumu muda wa kuchemsha maji ya chai. Simu ikaita, namba ngeni, sauti ya kike.

"Dada, ni mimi, mwenyeji wenu. Nimesoma kundini. Umefanya nini?"

"Una uso wa kunipigia mimi?"

"Nisikie, halafu unitukane upendavyo. Mchumba wako aliniomba niongoze msafara badala yake. Ameacha kuendesha. Hujaona siku hizi anakuja kwa miguu?"

Fundi alikuwa ameona. Hakuwa ameuliza.

"Alitaka awaambie wenzake kwa mdomo wake. Yeye angekuja na gari la mizigo, atubebee maji na vipuri. Alisema wewe umemlilia na hakukusikia, sasa anaona haya kukuambia ulikuwa sahihi. Nikamwambia wewe uwe wa kwanza kujua. Basi. Hakuna lingine kati yetu."

Fundi aliketi chini, juu ya mabaki ya sponji.

"Mbona hukumwuliza, dada yangu?"

"Nilimwuliza," alisema. Kweli alimwuliza. Ila hakulingoja jibu.

Alikimbilia kwa Shangazi, ambako Nahodha alikuwa akiishi. Shangazi alifungua mlango akabaki ameushika.

"Mwanangu, mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu. Siri za watu ninazo hapa kifuani mpaka zinaniuma. Ungekuja kwangu ukaninong'oneza, ningemnyang'anya ufunguo mimi mwenyewe."

"Najua, shangazi."

"Hukujua. Ungejua usingefanya." Akasogea pembeni. "Yuko uani."

Nahodha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuinuka.

"Nimekosa," Fundi alisema.

"Ulichosema ni kweli tupu. Niliendesha huku nikijua, nikapakia mtoto wa watu. Kosa hilo ni langu, wala silikani."

"Nilidhani unaniacha."

"Ndiyo ukanivua nguo sokoni?" Sauti yake haikupanda. "Siku ile jikoni uliniona nilivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuniona hivyo. Nikasema, huyu ndiye wangu. Sasa nikikutazama, naona kundi zima linasoma."

"Nitawaambia nilikosea."

"Uwaambie nini? Kwamba sizimii?"

Fundi alichuchumaa mbele yake.

"Nenda safari," Nahodha alisema. "Nimeipanga mwaka mzima. Mmoja wetu aione."

"Njoo basi na gari la mizigo, kama ulivyopanga."

"Nije nikae kati yao wakinihesabia pumzi? Hapana. Nenda wewe."

Jumamosi kikaoni Fundi alisimama mbele ya kundi. "Nilichoandika kilikuwa kweli," alisema, "lakini sikukiandika ili kuwaokoa. Nilikiandika ili aumie. Nisameheni." Kinyozi, mtu wa maneno mengi, aliangalia viatu vyake.

Safari ikaondoka. Mwenyeji aliwapokea ukingoni mwa jangwa na kushika uongozi, mwanamke mkimya aliyepunga mkono tu palipokuwa na hatari. Walipofika kwenye kilele kimoja, simu za watu zikaanza kulia, mtandao umerudi. Fundi alijitenga, akapiga.

"Umefika," Nahodha alisema. Hata halo hakusema.

"Nimefika."

"Niambie."

"Kuta ni nyekundu, zinashuka mpaka unaogopa kuzitazama. Mto umekauka, kutoka juu unaonekana kama mshono uliofumuka. Na upepo unatoka chini, unapanda. Ajabu."

"Pale njia inapobana?"

"Shangazi alipita akiimba. Kinyozi alishuka, akatembea akiisukuma pikipiki, anasema anaionea huruma injini."

Nahodha alicheka. Kicheko kile kile. Fundi alikirukia kama mtu anayezama.

"Nikirudi, nije?"

"Nimekusamehe, Fundi. Kweli kabisa. Sikutaka uzunguke huko na mzigo."

"Lakini?"

"Lakini nyumba moja sitaweza. Kila siku nitakuwa napima nikuambie lipi, nikufiche lipi. Hayo si maisha, na wewe hayakufai."

Alikuwa na mengi ya kusema. Yote yalikuwa ya kusemwa siku ile karakanani, na siku ile alikuwa amekanyaga cherehani.

"Umekunywa dawa?" aliuliza.

"Nimekunywa."

"Haya."

"Kata simu sasa. Wenzako wanakungoja."

Wenzako, alisema. Hakusema wenzetu. Fundi alivaa kofia yake ngumu, akashusha kioo, akangoja pikipiki zote zitangulie. Kisha akawasha yake na kufuata nyuma kabisa, ambako hakukuwa na mtu wa kumwona akilia.