Jina la Kidosho Linafutika

Mchana ule nyumba ilikuwa kimya. Kidosho, binti wa miaka sita asiyesikia, alicheza sakafuni. Mama yake alikaa mbele ya kompyuta ya kuazima, akimwombea nafasi katika shule ya viziwi. Fomu ilijazwa kwenye tovuti tu, na mwisho ulikuwa siku ile ile, saa kumi alasiri.

Aliandika jina la mtoto. Akaandika ugonjwa uliomnyima kusikia. Kisha fomu ikataka namba ya barua ya hospitali. Barua ilikuwa kwenye barua pepe, akaenda kuifungua palepale. Mara kisanduku kikachomoza katikati ya kioo. Hakukisoma. Mumewe alishamwambia vitu vinavyochomoza ni vya matapeli. Alibonyeza kitufe cha kwanza haraka, kikapotea.

Aliporudi, fomu ilikuwa tupu.

Akaandika jina tena, akarudi kwenye barua, akakibonyeza kisanduku kikapotea. Likatoweka tena. Mara ya tatu ikawa vilevile. Kidosho aliinua uso, akakikazia macho kioo kana kwamba mle ndani mna mtu.

"Mama, limefutika tena!" mama wa Kidosho alimwita mama mkwe wake.

Mama mkwe alisimama mlangoni, asiingie. "Jina la mtoto, mara tatu? Pana mkono wa mtu hapo, mwanangu. Zima hilo dubwana."

"Nikizima, mwaka mzima atakaa nyumbani."

"Basi mwite jirani. Mimi siligusi."

Jirani, mwenye duka la kuchapa, alikuja na wino vidoleni. "Haya, rudia ulivyofanya."

Kisanduku kikachomoza. Kidole cha mama kikaruka. Jirani akakidaka.

"We! Unamkimbia nani? Soma."

Akasoma polepole. "Mabadiliko yako hayajahifadhiwa. Ukiondoka, yatapotea. Ondoka. Baki."

Akamgeukia jirani. "Kumbe kilikuwa kinanionya? Mara zote tatu?"

"Kinakuonya, nawe unakizaba kofi! Shoga, ulichoandika hakijawekwa popote. Ukitoka, kimekwenda. Bonyeza Baki, kisha Hifadhi. Barua ifungue kwenye ukurasa mwingine, huu uache hapa."

"Basi mkono wenyewe ni wangu."

"Wako na wa haraka zako."

"Na matapeli je?"

"Hao hutaka neno la siri, au pesa. Hiki kimekuomba nini? Soma kwanza, ndipo uamue."

Alibonyeza Baki. Jina lilikuwa pale pale. Akabonyeza Hifadhi. Akafungua barua pembeni, akanakili namba tarakimu kwa tarakimu, macho yakienda kwenye saa. Zikibaki dakika kumi, alituma. Kioo kikaandika: "Fomu imepokelewa." Mama mkwe akavuka kizingiti.

Nafasi ikapatikana. Wiki ya pili ya muhula, Kidosho alimshika mama yake kidevu, akamgeuza amtazame. Akaonyesha ishara kwa vidole. Mama hakuelewa. Kidosho akarudia taratibu, kwa subira ya mwalimu, mkono ukishuka mpaka tumboni.

Neno la kwanza kutoka darasani, bila sauti yoyote. Njaa.

Mama akacheka huku analia, akaenda kupakua chakula.