Matete ya Jicho la Maji

Chura alilia ndani ya mtungi saa saba mchana. Sikuzani akafunua, akachungulia. Maji matupu, yananuka tope.

Alijua alichokifanya, hana haja ya kujitia hajui. Watu wa Nandagala wanalitumia bonde lile kwa kila kitu: wanavua kambale, wanachimba udongo wa vyungu, wanalima mpunga pembeni. Lakini matete yanayolizunguka jicho la maji hayakatwi. Ndiyo yanayolikinga na jua lisikauke, na ndimo anamokaa jini wa bonde. Sikuzani aliyakata yote. Ng'ombe wa Masumbuko, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, walikuwa wameshamlia nusu ya mpunga, naye kwa hasira akayatumia kujengea uzio wa shamba.

Siku ya tatu mumewe, Harithi, akaanza kunywa. Alimaliza ndoo, akadai nyingine, midomo ikazidi kupasuka. Na kila alipomeza, vyura waliitikia kutoka uvunguni, kutoka ukutani, mwishowe kutoka kifuani mwake mwenyewe, huku harufu ya tope ikipanda kitandani na mkewe akiushika mkono uliokuwa baridi, unaoteleza kama kambale.

Mganga Hassani aliingia, akanusa, akanong'ona, "Rudisha kila ulichokata. Ukibakiza hata bua moja, jini hatoki."

Sikuzani alibomoa uzio jua likiwaka, akabeba mizigo kumi na miwili hadi jichoni. Ulibaki upande mmoja tu wa uzio, unaoelekea malishoni. Huko alisimama Masumbuko na kundi lake.

"Mama, pole na mgonjwa."

"Pole zako kawape ng'ombe wako," alimjibu. Hakutaka kuwafungulia njia ng'ombe wale. Akauacha ule upande umesimama, akaenda zake.

Nyumbani kulikuwa kimya. Harithi amekaa kitandani, midomo imepona. Sikuzani alilia kwa furaha.

"Baba Zulfa, umepona?"

"Nimepona, Sikuzani."

Akaacha kulia. Tangu Zulfa azaliwe, miaka tisa sasa, Harithi hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Alimwita Mama Zulfa, hata walipogombana.

"Yale matete uliyobakiza," Harithi aliendelea taratibu, "yalete humu ndani. Nitandikie."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sikuzani alirudi nyuma hadi mlangoni, na huko mtungini vyura wakaanza tena, wote kwa pamoja.