Shokapu Zilizolazwa Juu ya Boksi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Belinda alifagia uwanja, akateka maji, kisha akaifuta vumbi pikipiki ya baba yake. Kazi hiyo ya mwisho hakutumwa na mtu, aliipenda tu. Baba yake, Urbano, alikuwa mfugaji wa nyuki hapo Mitundu, na pikipiki hiyo ndiyo iliyompeleka porini kwenye mizinga. Ila nyuma ilikuwa imechoka jamani. Ikipakiwa ndoo mbili za asali, shokapu, vile vyuma vyenye springi na oili vinavyopunguza mtikisiko, zilididimia mpaka tairi likakwaruza madigadi, na majirani wakamtania Urbano kwamba chombo chake kinapiga magoti.

Shokapu mpya hakuzimudu. Akatafuta zilizotumika, zenye springi ngumu zaidi, kutoka kwenye pikipiki iliyokwisha kufa, akazisugua mpaka zikang'aa. Lakini Urbano hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu kinang'aa. Alhamisi jioni alizilaza juu ya kipande cha boksi kikavu, kama alivyofanya siku zote kwa vifaa vilivyotumika.

"Zilale hapa mpaka asubuhi," alimwambia Belinda. "Mimi alfajiri naenda kwenye mizinga, kwa hiyo utaangalia wewe. Ukiona boksi limelowa oili, ujue inavuja, hatuifungi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Belinda alizisubiri shokapu hizo kuliko baba mwenyewe. Jumamosi wazazi wangeruhusiwa kuwatembelea wanafunzi shuleni kwa dada yake Pendo, kule Itigi, na baba alikuwa ameahidi kwenda na Belinda pikipiki ikitengemaa. Tangu Januari alikuwa hajamwona Pendo.

Ijumaa asubuhi akakuta doa jeusi chini ya shokapu moja, pana kama kiganja. Akajua safari ya Itigi haipo tena. Alilitazama, akatazama mlangoni, kisha akalichukua lile boksi akalitia motoni jikoni. Shokapu akaifuta kwa kitambaa.

"Vipi, boksi lilikuwa kavu?" baba aliuliza jioni, spana mkononi.

"Kavu kabisa," Belinda akajibu, akajikausha kama hajui kitu. Baba akazifunga, ile iliyovuja ikakaa upande wa kulia.

Jumamosi kulipopambazuka, Belinda alikuwa tayari, nywele zimechanwa na viatu vimefutwa. Ndipo akaingia jirani yao, Mama Amne, amembeba binti yake wa miaka minne. Belinda alimwamkia shikamoo, lakini mwanamke yule hakusikia.

"Baba Pendo, nisaidie," alisema huku anahema. "Amne amechemka tangu jana. Sasa hata maji anatapika."

"Panda twende zahanati," Urbano akasema, na ufunguo tayari ameuchomeka.

Belinda aliikumbuka barabara ile, makorongo yake na mawe yake. Shokapu ikiishiwa oili njiani, pikipiki ingeyumba na kuwamwaga wote watatu. Roho ikamsuta vibaya. Akasogea, akasimama mbele ya gurudumu.

"Baba, msiondoke. Shokapu ya kulia inavuja. Nilikudanganya."

Urbano alimtazama. Akainama, akapitisha kidole kwenye shokapu, kikatoka cheusi.

"Leta spana," alisema kwa sauti ya chini. "Na zile shokapu za zamani. Ni laini, lakini hazivuji, na leo hatubebi asali."

Belinda alikimbia. Alimpa baba nati moja baada ya nyingine, na kila mara Amne alipolia alijiona hana maana hata kidogo. Hatimaye baba akaikandamiza siti mara tatu, akaridhika. Wakaondoka polepole.

Siku hiyo Belinda hakula. Mchana aliposikia mlio wa pikipiki alitoka mbio, akamwona Amne ameketi katikati ya watu wazima wawili, macho wazi.

"Ni malaria," Mama Amne alisema, uso wake umechangamka. "Wamemchoma sindano, ametulia. Sasa anataka uji, tena wenye sukari nyingi."

Belinda alishusha pumzi, kisha machozi yakamtoka kwa furaha, akashindwa kuyazuia.

Baba alimwita wakakae kwenye benchi. "Shokapu kuvuja halikuwa kosa lako," alisema. "Ungeniambia jana tungecheka, tukatafuta nyingine. Mimi naweza kubana matumizi kwenye kila kitu, lakini ukinificha ukweli, sijui hata nimempakia mtoto wa watu juu ya nini. Unaona?"

"Naona, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Tena nashukuru, maana ulikubali kukosa safari yako, ukasema. Pendo nimempigia simu kupitia mwalimu wake, tutakwenda siku nyingine." Akamwekea mkono begani. "Ila Belinda, ukiwa na ukweli kama ule, useme mapema. Usisubiri mpaka mtu awe amekwisha kupanda."