Vitobo vya Chini ya Pikapu

"Jirani, mbona hilo gari lenu jipya linatokwa na damu?"

Jirani wa mkono wa kulia ndiye aliyeuliza hivyo, alfajiri ya Ijumaa moja, kidevu chake kikiwa juu ya ukuta wa ua kama kawaida yake. Mama Chumvi aliacha gunia alilokuwa akilishona mdomo. Binti yake aliacha kufagia. Kweli, kutoka chini ya pikapu, karibu na gurudumu la nyuma, mstari mwembamba wa maji mekundu ulikuwa umeteremka juu ya sakafu ya saruji mpaka kwenye ngazi ya jikoni.

"Ni matope tu hayo," binti alidakia. Akayamwagia maji na kuyasugua kwa fagio la chelewa kana kwamba yamemtukana.

Binti huyo alikuwa na jina lake zuri la shuleni, lakini watu wote walimwita Tiara, kama kile cha karatasi kinachorushwa kwa uzi hewani, kwa sababu hakujua kutulia. Akila, husimama. Akisoma, hutikisa mguu mpaka dawati lote linacheza. Akitumwa dukani, hufika kwanza, ndipo arudi mbio kuuliza ametumwa nini.

Mama Chumvi hakuridhika na jibu la matope. Alitandika gunia chini, akachukua tochi, akalala chali na kuchungulia uvunguni mwa gari. Pikapu ile haikuwa imemaliza hata mwaka. Alikuwa ameinunua baada ya miaka mingi ya kusafirisha chumvi kwa mikokoteni ya kukodi, na kila alipoipita aliifuta kidogo kwa ncha ya kanga. Sasa aliona mabaka ya kahawia kwenye vile vyuma virefu vinavyobeba gari zima. Mahali pengine rangi ilikuwa imeumuka kama ukoko wa uji.

"Kutu!" alisema, akitoka uvunguni na vumbi kichwani. "Gari jipya lina kutu!"

"Mimi simo," alisema jirani, naye alikuwamo mpaka shingoni. "Ila magari yanayokatiza mtoni ndivyo yanavyokuwa. Madereva wetu hawa, daraja wanaliona mbali."

Tiara alizidi kusugua sakafu. Alijua gari halikupita mtoni.

Kazi yake ya kila jioni ilikuwa kuiosha pikapu kwa mpira wa maji, juu na chini. Chumvi humwagika kutoka kwenye magunia, na chumvi na chuma hawajawahi kuwa marafiki. Kisha alipaswa kusugua sakafu. Shida ilikuwa moja: kwenye vile vyuma virefu kulikuwa na vitobo, na vitobo hivyo vilidondosha maji machafu usiku kucha. Asubuhi sakafu ilikuwa na madoa tena, na Tiara alilazimika kusugua upya kabla ya kwenda shule. Basi siku moja alikata vipande vya matambara, akavikanda na mabaki ya sabuni, akaviziba vitobo vyote, kimoja baada ya kingine. Sakafu ikang'aa. Mama akamsifu mbele ya wageni. Tiara akapokea sifa na kunyamaza.

Kumbe kimoja cha vile vizibo sasa kilikuwa kimeachia.

Kabla hajajua afanye nini, dereva aliingia getini. Alikuwa mzee mwenye mvi, na watu walimwita Polepole, kwa kuwa hata wauza maziwa wa baiskeli walimpita barabarani wakimpungia mkono.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Chumvi, lakini sauti haikuwa ya shikamoo. "Unapokwenda ng'ambo, unapita wapi?"

"Marahaba. Napita darajani, Mama Chumvi. Siku zote."

"Hukati njia mtoni?"

"Sijawahi."

"Niapie."

Mzee Polepole alivua kofia. "Jina la Mungu silitumii kwa ajili ya gari. Nimekwambia sijawahi, basi."

Mama Chumvi aliona kukataa kuapa ndiko kukiri. Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo. Kesho kaka yangu fundi atakuja kuangalia. Leo kapumzike nyumbani."

Mzee alitoa ufunguo, akaufuta kwa shati kwanza, akauweka kiganjani mwa mama. "Kasome, mwanangu," alimwambia Tiara, akaondoka kwa mwendo wake uleule.

Shuleni mambo yalikuwa yametangulia. Mtoto wa jirani alikuwa ameshayafikisha. Mjukuu wa Mzee Polepole, aliyekaa dawati moja na Tiara, alizungukwa wakati wa mapumziko.

"Eti babu yako anaendesha gari au mtumbwi?"

"Mwambie avae boya!"

Msichana yule aliinama. Baba na mama yake walikuwa wametangulia mbele ya haki, na kazi ya babu ndiyo iliyomlisha. "Tiara," alinong'ona walipobaki wawili, "wewe unakaa na hilo gari. Ni kweli babu alipita mtoni?"

"Sijui," alisema Tiara. Akajifanya anatafuta kalamu chini ya dawati.

Jioni hakukalika. Alikwenda getini, akarudi. Alifungua daftari, akalifunga. Mezani alitafuna tonge moja mpaka likawa maji.

"Una nini wewe?" mama aliuliza. "Umekalia siafu?"

"Sina kitu, Mama."

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, alijipenyeza uvunguni mwa pikapu akiwa na kipande cha waya. Alijiambia atavitoa vile vizibo, atasafisha, na hakuna atakayejua. Cha kwanza kilitoka, kikammwagia usoni maji mekundu yenye ladha ya chumvi. Cha pili kilitoka. Cha tatu kilikuwa kimeshikana na chuma kikawa kigumu kama jiwe. Alichokonoa mpaka waya ukapinda.

Ndipo alipoona miguu. Kwanza ndara za mama. Kisha buti za mjomba, fundi wa bodi za magari. Nyuma yao, viatu vikuukuu vilivyoshonwa pembeni, vimepakwa rangi vikang'aa kama vya kwenda ibadani. Mjomba alikuwa na desturi moja: hakukubali kukagua gari lolote bila dereva wake kuwepo. "Gari haliwezi kujieleza," husema. "Ukimwacha dereva nyumbani, utamsingizia." Kwa hiyo mzee aliitwa, naye akang'arisha viatu kuja kuhukumiwa.

"Mzee wangu," Mama Chumvi alikuwa akisema, "kabla fundi hajalala chini, kubali tu yaishe. Ukikubali nitakusamehe, na kazi yako utaendelea nayo."

Tiara, chini ya gari, alijikuta akimwombea mzee akubali. Akubali tu, yaishe!

"Mama Chumvi," alisema mzee, "kazi naihitaji. Lakini nikikubali nisichokifanya, hiyo ndiyo itakuwa mara yangu ya kwanza kukudanganya."

"Si yeye!" sauti ilitoka uvunguni.

Mjomba aliruka nyuma. "Haa! Leo gari limejieleza lenyewe!"

Tiara alitoka akiburura tumbo, uso na mikono vimejaa maji ya kutu. "Hakupita mtoni. Ni mimi. Niliziba vitobo ili maji yasichafue sakafu."

Mama aliinama kuchungulia uvunguni. Mjomba ndiye aliyeuliza, "Nani alikutuma kuziba?"

"Hakuna. Mwalimu alisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mjomba alitaka kucheka, akajizuia kwa kumtazama dada yake. "Mwalimu hakukosea. Lakini huo si ufa, mwanangu. Hivyo vitobo vimewekwa kwa makusudi na waliotengeneza gari. Ni mlango wa maji kutokea. Wewe ulifunga mlango, ukayafungia maji ya chumvi ndani yakae yanakula chuma."

Kazi ilianza palepale. Gari liliinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi za chuma. Mjomba aling'oa vizibo vilivyobaki kwa koleo, akaingiza mpira wa maji ndani ya vyuma na kuyaacha maji yapite mpaka yakatoka meupe. Yalipokauka, Tiara alipewa brashi ya waya. Alisugua mabaka mpaka chuma kikaonekana, mabega yakiwaka moto. Baada ya hapo kilipakwa rangi ya kuzuia kutu, na ndani ya vyuma mjomba akapuliza mafuta mazito.

"Mmeiwahi," alisema akijifuta mikono. "Imeshika ngozi tu, haijafika mfupani. Ingepita masika moja zaidi, tungekuwa tunachomelea. Chini paoshwe kila siku, na hivyo vitobo vichokonolewe matope, visizibwe."

Walipoingia ndani kula, Mama Chumvi hakukaa. Alisimama mbele ya Mzee Polepole na kumpa ufunguo kwa mikono miwili. "Nisamehe, mzee wangu. Nilikuhukumu kwa maneno ya ukutani, sikungoja kuangalia."

"Yamekwisha, Mama."

"Nami naomba unisamehe, mzee," alisema Tiara. Machozi yalimchora mistari kwenye uso wenye kutu.

"Nimekusamehe, mwanangu. Tena chini ya gari wewe ni jasiri kuliko wengi walio juu yake." Mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Ila mjukuu wangu jana hakutaka kula na mimi sahani moja. Ananiona mwongo. Nimemweleza, hasikii."

Tiara aliangalia chini. Mguu wake, usiotulia tangu azaliwe, ulitulia.

Mama alimvuta karibu, akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Maji machafu yakitoka, yanachafua sakafu, na sakafu husuguliwa. Yakifungiwa ndani, yanakula gari. Na uongo ndivyo ulivyo. Ungesema jana asubuhi, ungepata aibu ya dakika moja. Ulinyamaza, ikamla mzee, ikamla na mjukuu wake. Mungu amekujalia umesema. Lakini kutu husuguliwa pale ilipoingia, si pale panapofikika kwa urahisi. Hapa nyumbani umesugua. Je, kwingine?"

Chakula kilikuwa kimepakuliwa na kinafuka moshi. Tiara aliitazama sahani yake, akamtazama mzee. Alisukuma kiti, akavaa ndara zake, akatoka getini, akashika njia ya nyumbani kwa Mzee Polepole.