Ukungu Ndani ya Saa ya Mzee Kasiani

Kila alipotoka shule, Shakila hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi karibu na soko kuu la Morogoro, akasukuma mkoba wake chini ya meza ya shangazi yake, akanawa mikono, akakaa. Meza yenyewe ndogo, juu yake kuna sanduku la kioo, na ndani ya sanduku saa za watu zimelala chali kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Shangazi yake, Mwanahawa, ndiye fundi. Ufundi aliachiwa na marehemu mumewe, na watu wa pale walizoea kumwita Mama Saa, hata wale wasiojua jina lake.

Meza hiyo haikukosa watu. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kafumaniwa anapunja mizani na nani kahamia Kilakala bila kuaga, kaa pale kidogo tu. Rehema, muuza barafu, aliegesha deli lake la kutunzia barafu pembeni ya meza kila siku, na habari zilimtoka mdomoni kabla ya barafu kutoka kwenye deli.

Shakila alikuwa darasa la sita. Mwanzoni aliuza mikanda na kubadilisha betri tu. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, hautetemeki, na baada ya likizo shangazi akamkabidhi kazi ya vioo. Kwa Shakila hilo lilikuwa jambo kubwa. Sasa alikuwa na kiti chake upande wa mafundi, si upande wa wateja.

"Kioo cha saa hakibandikwi kama stempu," shangazi alimwambia siku ya kwanza. Akamwonyesha kasha tupu la chuma, lilivyochongwa ngazi nyembamba kuzunguka mdomo wake wa juu. Kwenye ngazi hiyo hukaa kwanza pete ya plastiki, kisha kioo. Kiwandani kioo hukatwa kikubwa kidogo kuliko nafasi yake, ili kikibanwa na mashine ya mkono kiingie kwa shida na kisitoke tena. Kioo kikishakaa, husafishwa kwa ndani, halafu mashine ya saa pamoja na uso wake na mishale huingizwa kwa nyuma. Mwisho ni kifuniko cha nyuma, ambacho kina mpira mwembamba kama uzi, unaopakwa grisi kidogo ili maji yasipenye.

Shakila alimwiga shangazi yake kwa kila kitu. Shangazi akitaka kusafisha kioo, alikisogeza mdomoni, akakipulizia pumzi, haaa, akakifuta kwa kipande laini cha kanga, kisha akafunga saa haraka kabla vumbi la barabarani halijaingia. Shakila naye alifanya hivyo hivyo, hata ile haaa aliitoa kwa sauti ile ile.

Ndipo akaja Mzee Kasiani.

Mzee huyu alikuwa mkulima wa kabichi na njegere, anatoka juu kabisa milimani, upande wa Mgeta, ambako watu huvaa makoti asubuhi wakati wenzao wa mjini wanajipepea. Kila Jumamosi alishuka na gari la mboga. Kwao ndiye aliyepiga kengele ya kanisa dogo la kijiji, na saa yake ya mkono ndiyo iliyomwongoza. Jiwe lilikuwa limeruka kutoka kwenye jembe na kupasua kioo chake. Shangazi akampa Shakila kazi hiyo. Shakila akaifanya vizuri, mzee akaondoka anaitazama saa kama mpya.

Jumamosi iliyofuata akarudi nayo. Alisema kwamba kila alfajiri kioo kinajaa ukungu kwa ndani, mishale haionekani. Lakini pale mezani, kwenye joto la mjini, kioo kilikuwa kiangavu kabisa. Rehema akacheka, akasema labda ukungu uko machoni mwa babu. Mzee hakucheka. Shakila alifungua saa, akabadilisha mpira wa kifuniko, akasafisha kioo, haaa, akafunga.

Wiki iliyofuata mzee akaja amenuna. Alieleza kisa chake taratibu, na watu wote waliokuwa karibu wakanyamaza kusikiliza. Asubuhi ya Jumapili iliyopita alishindwa kuona mishale, akakisia, akapiga kengele wakati kungali giza. Kwao kengele ikilia gizani maana yake kuna msiba. Basi watu walitoka majumbani wamejifunga kanga, wanawake wengine wameanza kulia njiani, kila mmoja anauliza aliyefariki ni nani. Mama mmoja alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa jirani yake mgonjwa kutoa pole, akamkuta mgonjwa anakunywa uji.

Watu mezani walicheka hadi wakashika mbavu. Shakila hakucheka. Alitamani ardhi immeze.

"Mama Saa, mimi nakuheshimu," mzee alisema. "Lakini kijijini sasa wananiita mzee wa msiba hewa. Naiacha saa. Jumamosi nikiikuta bado hivi, nipe tu niende zangu."

Alipoondoka, shangazi alimgeukia Shakila. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwambia kwamba saa ikirudi tena, kazi ya vioo itabaki kwake mwenyewe, na Shakila atarudi kuuza mikanda.

Hasira ilimpanda Shakila. Alikuwa amefuata kila hatua. Alipima pete, alibana kioo sawasawa, alipaka grisi. Sasa kosa liko wapi? Na mtu akishikwa na hasira ya namna hiyo, mdomo hutangulia.

"Si mimi, shangazi," alisema. "Ni mipira ya Kaka Luqmani. Ni mibovu."

Luqmani alikuwa kijana muuza vipuri vya saa, kibanda chake mtaa wa pili. Karibu mafundi wote wa pale walinunua kwake. Rehema alikuwa pale pale na masikio yake mawili. Kabla deli halijaisha barafu, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Luqmani anauza mipira feki. Kesho yake maneno yalikuwa yameongezeka chumvi: eti anaiagiza jalalani, eti hata betri zake ni za kuokota. Mafundi wawili wakaanza kununua kwingine. Luqmani alipopita mbele ya meza, yeye ambaye siku zote hapiti bila kutania, alitazama mbele akapita.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwa Shakila. Kila jioni aliifungua saa ya Mzee Kasiani na kuifunga upya. Alinunua mpira kwa muuzaji mwingine. Akaongeza grisi hadi ikachafua kasha, akaipangusa. Akatoa kioo, akaweka kingine, akakibana hadi kiganja kikauma. Kila mara saa ilionekana nzima, na kila mara hakuwa na namna ya kujua kama ni nzima kweli, kwa sababu baridi ya kuijaribia iko mlimani na yeye yuko mjini anatoka jasho. Darasani alikosa hesabu rahisi. Nyumbani alimkaripia mdogo wake bila sababu. Rehema, kwa utani wake, akaanza kumwita Fundi Ukungu, na Shakila akaacha kumsalimia.

Ijumaa mchana shangazi alikwenda kuswali, akamwachia meza. Jua lilikuwa kali. Shakila alikuwa amemaliza kuifunga saa ile kwa mara nyingine, ameiweka juu ya sanduku, na chuma chake kilikuwa cha moto. Rehema, labda kwa kutaka kupatana, alimpa barafu ya ubuyu. Kabla hajaing'ata akaja mteja anayetaka mkanda. Shakila, kwa uchovu na hasira, akaibwaga barafu pale pale juu ya kioo cha saa ya mzee akamhudumia.

Aliporudi na kuiinua ile barafu, kioo kilikuwa na doa jeupe, mahali pale pale barafu ilipolala. Akakifuta kwa kidole. Doa halikutoka. Lilikuwa kwa ndani.

Shakila alikaa akalitazama. Kidogo kidogo kioo kikapata joto, na doa likatoweka kama vile halikuwahi kuwepo. Akairudisha barafu. Doa likarudi.

Basi mlima ulikuwa umemfuata mezani. Sasa alikuwa na baridi ya kujaribia, lakini swali likabaki: maji hayo yametoka wapi? Saa hii tangu ifungwe haijaonja hata tone. Akaifungua tena, akatoa mashine, akakisogeza kioo mdomoni kama kawaida ili akisafishe. Haaa. Kioo kikawa cheupe mbele ya macho yake.

Hapo akasimama. Unyevu ni huu. Ni pumzi yake mwenyewe, aliyokuwa akiifungia ndani ya kasha haraka haraka kabla vumbi halijaingia. Mjini, kwenye joto, haionekani. Huko juu, alfajiri, kioo kikipoa, inajitokeza.

Kisha wazo lingine likamjia, na hilo hakulipenda. Ndani ya sanduku kulikuwa na saa aliyoifunga shangazi asubuhi ile. Aliitoa, akaiacha juani kidogo, akaiwekea barafu. Doa jeupe likatokea. Kumbe hata kazi ya Mama Saa ilikuwa hivyo hivyo, ila wateja wake wengine wote walikuwa watu wa mjini, hawapandi kwenye baridi, basi hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Akaijaribu tena saa ya mzee, safari hii bila pumzi. Alifuta kioo kwa kitambaa kikavu, akafukuza vumbi kwa kipira cha kubonyeza kinachopuliza hewa, ambacho shangazi alikitumia kwa mashine ya saa tu. Akaacha vipande vyote juani chini ya bilauri iliyogeuzwa hadi vikakauka kabisa. Kwa makusudi akachukua mpira wa Luqmani, mmoja wa ile aliyoiita mibovu. Akafunga. Akasubiri kasha lipate joto, akaweka barafu, akainua.

Kioo kilikuwa kiangavu, safi. Mishale yote inaonekana, hata ule mwembamba wa sekunde.

Ungedhani angeruka kwa furaha. Hakuruka. Angeweza kunyamaza tu. Mzee angepata saa yake, kiti kingebaki chake, na hakuna ambaye angejua. Lakini pembeni Rehema alikuwa akimweleza mteja mmoja kwamba akitaka mpira wa saa asiende kwa yule Luqmani, atajuta. Alisema kwa uhakika kabisa, kama mtu aliyeona kwa macho yake. Na maneno yale yalikuwa ya Shakila.

Shangazi aliporudi, Shakila alimwamkia, akamweleza yote bila kuinua macho. Alipofika kwenye saa aliyoifunga shangazi mwenyewe, aliionyesha tu kwa kidole. Shangazi aliichukua mkononi. Aliomba barafu kwa Rehema, akajaribu saa ile, akajaribu nyingine, na nyingine tena. Rehema alisogea akachungulia.

"Miaka yote hii," shangazi alisema polepole. "Na mimi ndiye niliyekufundisha."

Akafunga sanduku kwa kufuli, akamshika Shakila mkono, akamwambia Rehema naye afuate. Kibandani kwa Luqmani walikuta watu. Shakila alitaka kumwita pembeni, shangazi akakataa. Basi akasema mbele za watu kwamba mipira ya Kaka Luqmani ni mizima, kwamba kosa lilikuwa la mkono wake, na kwamba alimsingizia.

Luqmani alimgeukia. "Wewe mtoto umenitia hasara," alisema. "Mafundi wawili wamenihama. Nitakuambia nimekusamehe watakaporudi. Dada Rehema, wewe si unajua njia za kuwafikia? Ulivyokwenda kunichafua ulikwenda mbio. Nenda na mbio zile zile."

Rehema alijikuna shingo, akajitwisha deli lake, akaenda. Fundi mmoja alirudi jioni ile. Mwingine hakurudi upesi, na kwa siku nyingi Luqmani aliitikia salamu ya Shakila kwa mkato.

Mzee Kasiani alipofika Jumamosi, shangazi alimwekea barafu juu ya kioo mbele ya macho yake, kisha akamweleza ukweli wote, wa Shakila na wake. Mzee alisikiliza, akaguna, na uso uliokuwa umekunjamana ukaanza kulegea.

"Kumbe nilikuwa napanda mlima na pumzi ya mjukuu wangu mkononi," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nachoka."

Alipokwenda zake, Shakila alikusanya vitu vyake na kuhamia kwenye stuli ya upande wa mikanda. Hakuambiwa. Aliona ndivyo inavyostahili. Shangazi alimtazama hadi alipokaa.

"Nani amekutuma huko?"

"Si ulisema, shangazi?"

"Nilisema saa ikirudi. Haikurudi." Akamwonyesha kiti chake. "Nisikilize vizuri. Kukosea kazi sikulaumu. Hata mimi nimekosea siku zote hizi na nywele zangu za mvi. Ninachokulaumu ni kwamba ulimtaja mtu kabla hujachunguza mikono yako mwenyewe. Saa niliyoifunga vibaya naifungua naifunga upya. Jina la mtu huwezi kulifungua ukalifunga upya ukiwa umekaa mezani; itabidi uzunguke nalo mtaa mzima, na bado wengine hawatakusikia. Siku nyingine kazi ikikushinda, sema imekushinda, tuitazame pamoja. Umenielewa?"

Shakila aliitikia kwamba ameelewa. Shangazi alimsogezea zile saa zote alizozifunga yeye mwenyewe wiki ile, pamoja na kile kipira cha kupulizia.

"Basi anza na zangu," alisema.