Wimbo wa Itsue

Kila Jumatano mchana, mjini Yunosawa, ni zamu ya wazee kuimba. Ikifika saa saba Mama Kinuyo hufungua baa yake ndogo, huwasha jiko la mafuta ya taa, hupanga vikombe vya chai na kisahani cha achari ya figili. Enzi zile, kabla hata mashine ya karaoke haijapata moto, wateja wake watatu walikuwa wameshavua viatu vya theluji mlangoni. Bibi Chiyono, aliyekuwa kinyozi. Bibi Itsue, shoga yake na mpinzani wake tangu wangali wasichana. Na Mzee Yasuji, dereva wa basi mstaafu, ambaye tusidanganyane, sauti yake ilikuwa breki za basi lile lile.

Vijana huimba tu wakaenda zao. Wazee hawa walikuwa na mchezo. Waliweka kopo la chai lililojaa vijikaratasi, na kila karatasi neno la majira: maua ya mcheri, nyenze, mwezi, majani mekundu, theluji. Unachomoa karatasi, unaimba wimbo wenye neno hilo, tena wimbo ambao siku hiyo haujaimbwa. Ukikosa, una adhabu. Na wakati wa baridi adhabu ilikuwa moja tu: shika beleshi, toka nje, ukazoe theluji ya mlangoni mpaka wenzako wamalize wimbo unaofuata.

Kulikuwa na sheria nyingine isiyoandikwa popote. Kila mtu ana wimbo wake. Wimbo wa mtu ni kama mswaki wake, haukopeshwi. Wa Itsue ulikuwa wa theluji, habari za mama anayemngoja mwanawe kwenye kituo cha treni. Akiuimba, hata Yasuji alipangusa macho akasingizia moshi wa jiko.

Basi mwezi wa kwanza mwaka ule, Chiyono akachomoa theluji. Nyimbo za theluji alizijua kumi. Akauchagua wa Itsue.

Kwa nini? Yunosawa kila mtu ana jibu lake. Wengine wanasema wiki iliyotangulia mashine, ambayo humpa kila mwimbaji alama, ilikuwa imempa Itsue tisini na nane kati ya mia. Wengine wanarudi nyuma miaka hamsini, kwa marehemu mume wa Itsue, ambaye alikwenda kunyolewa kwa Chiyono mara nyingi mno kwa mtu mwenye nywele chache vile. Hayo tuyaache.

"Shoga, huo si wangu?" Itsue aliuliza, akicheka kwa meno tu.

"Kwani umeuandika jina?"

"Ala! Kesho utanivalia na meno yangu ya bandia."

"Hayo kaa nayo. Yananuka figili."

Wakacheka wote. Kopo likazunguka, likafika kwa Itsue. Akachomoa. Theluji.

Akaigeuzageuza karatasi mkononi, wimbo haukuja. Bila shaka nyingine alizijua. Lakini mtu akinyang'anywa chake, hata alichobaki nacho hukipapasa asikione.

"Beleshi! Beleshi!" Chiyono akapiga makofi kama mtoto.

Itsue akafunga kilemba chake, akatoka. Yasuji akashika kipaza sauti. Katikati ya ubeti wa pili paa likatetemeka, theluji yake ikaporomoka nje kwa kishindo. Hakuna aliyegeuka. Wakati wa baridi mapaa hupumua hivyo kutwa, na masikio ya watu wa kule yameshazoea.

Chiyono ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kochi la ukutani. Ndipo akasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitokea chini, karibu na sakafu. Alisema moyoni: huyo anataka kufunguliwa kabla ya wakati. Akome. Akachukua rimoti akaongeza sauti. Wimbo ulipokwisha akamvuta Yasuji waimbe mwingine, wote wawili. Ukuta ukabishwa tena, polepole zaidi. Kisha haukubishwa.

Walipofungua mlango, theluji ilikuwa imefika dirishani, na juu yake hapakuwa na mtu.

Nahoko, binti wa Itsue, alikuja kwa treni kuzika. Daktari alikuwa amemwambia ukweli ambao angefanya vyema kuumeza: mama yake hakufa pale pale. Huenda aliishi nusu saa chini ya theluji ile. Nahoko akapiga magoti mbele yao, mmoja mmoja, mpaka kwa Chiyono, shoga wa mama yake, aliyezoea kumwita shangazi tangu utotoni.

"Shangazi, hakuna aliyesikia kitu?"

"Muziki ulikuwa juu, mwanangu," Chiyono alisema.

Na muziki ulikuwa juu kweli.

Kule roho haiendi mara moja. Hukaa na watu siku arobaini na tisa, ndipo hushika njia. Mtawa wa hekalu aliwaambia pale pale msibani: mwenye neno na marehemu alitoe kabla ya siku hizo kwisha. Chiyono akaanza kuhesabu. Siku ya saba alikwenda kwa Nahoko, aliyebaki nyumbani kwa mama yake, na kikapu cha machungwa madogo, akazungumza habari za baridi, akarudi. Siku ya ishirini na moja alifika getini. Alitaka kusema. Lakini mji ule ni mdogo, na aliona tayari midomo sokoni: yule ndiye aliyesikia.

Usiku wa siku hiyo ukuta wa kando ya kitanda chake ukabisha. Ngo, ngo, ngo. Asubuhi alizunguka nyumba. Theluji ilikuwa laini, haijakanyagwa hata na paka.

Siku ya arobaini alisogeza kitanda katikati ya chumba, mbali na kuta zote.

Pakabisha sakafuni.

Siku ya arobaini na tisa walitoka hekaluni wakaenda kwa Mama Kinuyo, mchana mweupe, jua linang'aa juu ya theluji hadi macho yanauma. Nahoko ndiye aliyeomba wacheze. "Mama angependa," alisema. Wakaweka kikombe cha Itsue mahali pake, chai ikifuka moshi. Kopo likaanza kwa Chiyono, maana ndiye mkubwa kwa umri.

Akachomoa. Akafunua.

Theluji.

Mama Kinuyo akaona, akashika ukingo wa meza. "Nilizitoa," akanong'ona. "Zote. Leo asubuhi nimezichoma kwa mkono wangu."

"Labda moja ilinasa," Yasuji akasema. Mwandiko ulikuwa wa Itsue, na wino ulikuwa haujakauka.

Ngo.

Chiyono akawatazama. Yasuji alikuwa anatafuna figili. Kinuyo alikuwa anatazama karatasi. Hawakusikia.

Ngo. Ngo.

Nahoko akamshika kiganja, taratibu. "Shangazi, unasikiliza nini?" Akasogea karibu zaidi. "Niambie. Sitakasirika. Siku ile, mama alibisha?"

Neno lilikuwa pale, limefika kwenye ulimi. Kulitema tu. Chiyono akafumbua mdomo.

"Sikusikia."

Jiko likanyamaza.

Moto ulikuwa bado unawaka. Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. Ila sauti hazikuwapo. Yasuji alisema kitu, midomo ikacheza bure. Kinuyo aliangusha sahani, ikavunjika vipande vipande, kimya. Dunia nzima ilikuwa imezimwa.

Kikabaki kitu kimoja. Ukutani. Chini.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chiyono alitoka mbio bila viatu. Walipomfikia alikuwa amepiga magoti kando ya ukuta, anachimba theluji kwa mikono, kucha zinatoka damu. Alikuwa anapiga kelele.

"Nilisikia! Nahoko, nilisikia! Alibisha! Nikaongeza sauti! Nilisikia!"

Alisema mara ya kumi, ya ishirini. Alikuwa haisikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hakujua kama amekwisha kusema.

Nahoko akaja kando yake. Kisha akainama, akaweka mdomo sikioni mwa Chiyono, akasema maneno machache. Chiyono akageuka, akaikodolea macho midomo yake.

"Nini? Umesemaje? Mwanangu, umesemaje?"

Nahoko hakurudia. Alivaa viatu vyake, akamwinamia Mama Kinuyo kwa adabu, akaondoka na treni ya saa tisa. Chiyono amemwandikia barua, si moja. Hakuna iliyojibiwa. Na Kinuyo, aliyekuwa hatua moja tu kutoka kwao, mwanamke anayejua nani kala nini na nani kalala wapi, akiulizwa maneno yale hugeuka kuosha vikombe.

Madaktari wameyachunguza masikio ya Chiyono. Wanasema ni mazima.

Anaishi peke yake. Kinuyo humpelekea wali na supu. Mwaka huu, katikati ya mwezi wa nane, siku watu wanapokwenda makaburini, joto lilikuwa la kuyeyusha lami, na kwenye mti wa uani nyenze walikuwa wanalia hadi kichwa kinauma. Kinuyo akaingia kuanika matandiko. Mto wa Chiyono ulikuwa umelowa upande mmoja. Akaingiza mkono chini yake, akautoa haraka.

Lilikuwa donge la theluji, ya kijivu, iliyoshindiliwa, la ukubwa wa ngumi.

Akalibeba kwa kitambaa, akalitupa uani, juu ya saruji, kwenye jua. Akasimama kungoja liyeyuke.

Nyenze wote wakanyamaza.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya juzi. Wanaopita pale wanasema donge bado lipo, na saruji inayolizunguka ni kavu.