Korido Iliyoinama

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu vyenye matope, akanywa chai haraka haraka, kisha akasogeza meza ya kupigia pasi ili apate njia. Alitandika kipande cha zulia koridoni, akalaza kikombe cha bati mwisho wake, akaanza kusukuma mipira ya gofu. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Kila mpira ulipogonga kikombe, mama alisema bila kuinua kichwa, "Haya, tumesikia."

Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Lakini msimu ule wa mvua alishinda amenuna, na aliyemnunisha ni binti wa mama yake mdogo, ambaye ukoo mzima ulimwita Kimya.

Wote wawili walijifunza gofu katika klabu moja ya watoto. Mvua zilipoanza, uwanja ulilowa ukafungwa. Kocha aliwaonya wasikae bure, kwa kuwa timu ilibakiwa na nafasi moja tu, na angemchagua wa kuijaza siku uwanja utakapofunguliwa. Chiriku aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kimya naye aliitaka.

Baba yake Kimya alimlipia binti yake ukumbi wa mazoezi wenye paa, wavu na mwalimu. Alimnunulia pia fimbo mpya na glavu nyeupe. Chiriku alikuwa na fimbo fupi ya kuazimwa, mpini wake umezungushiwa utepe. Zulia lake lilikuwa masalio ya fundi wa mazulia. Mapigo marefu aliyafanyia mazoezi kwa mpini wa ufagio, mbele ya kioo kirefu cha wateja wa mama. Kioo hakikumwonea haya. Mgongo ukipinda aliuona, goti likilegea aliliona, akajirekebisha. Alipochoka na ufagio, aliruka kamba barazani ili miguu ipate nguvu.

Kwa kweli alikuwa anaendelea vizuri, ila hakufurahi. "Mwenzio yuko ukumbini na mwalimu," alijiambia kiooni, "wewe unapigana na ufagio." Siku Kimya alipopiga chafya darasani, Chiriku aliomba yawe mafua ya wiki nzima. Kisha akaona aibu, lakini si sana.

Jumamosi moja Kimya alileta suruali ipunguzwe. Ilikuwa suruali mpya ya gofu, bila shaka. Alipokuwa anasubiri, aliliona zulia.

"Nijaribu?" aliuliza.

Chiriku alimpa fimbo shingo upande. Kimya akasukuma mpira, nao ukaenda vizuri, halafu ukapinda kushoto na kugonga ukuta. Wa pili ulifanya vivyo hivyo. Chiriku akaichukua fimbo, akalenga kulia kidogo kama alivyozoea, na mpira ukaingia kikombeni. Alisikia raha mpaka vidoleni.

Kimya aliinama akachungulia sakafu. "Nadhani korido imeinama. Inavuta mpira kushoto."

"Umekosa, sasa unaisingizia sakafu."

"Siisingizii. Wewe mwenyewe hulengi kikombe. Unalenga ukuta wa kulia."

"Mbona unaingia?"

Kimya hakubishana. Aliuliza tu, "Naweza kuja tufanye mazoezi pamoja? Kule ukumbini hakuna mtoto mwingine."

Hapo wivu ulijibu kabla ya Chiriku kufikiri. "Mama hataki wageni koridoni. Anasema wanamvurugia kazi."

Cherehani ilikuwa inanguruma, kwa hiyo mama hakusikia kitu. Kimya alichukua suruali yake akaenda zake.

Mvua zilikatika, uwanja ukafunguliwa, na siku ya majaribio ikafika. Mapigo marefu ya Chiriku yalinyooka hadi kocha akauliza ni nani aliyemfundisha.

"Kioo," alijibu Chiriku, na watoto wakacheka.

Ya Kimya yalikwenda upande upande. Basi Chiriku aliingia kwenye nyasi fupi za shimo kama mtu aliyekwisha kushinda. Akausukuma mpira wa kwanza, ukapita kulia kwa shimo. Wa pili ukapita kulia. Wa tatu nao ukapita palepale, huku mipira ya Kimya ikizama mmoja baada ya mwingine.

"Mmelingana," kocha alisema mwishoni. "Mtarudia Jumamosi ijayo."

Alasiri Kimya alipita nyumbani kuwaona. Alimsalimia mama yake Chiriku, kisha akasema kwa sauti yake ndogo, "Mama mkubwa, korido ndiyo imemponza. Nilitaka nije tufanye mazoezi wote, ila aliniambia hutaki wageni."

Cherehani ikanyamaza. "Mimi nilisema hivyo?"

Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu. "Hapana, mama. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Wivu. Ana ukumbi, ana mwalimu, ana glavu. Nikaona akija na huku, atachukua na korido yangu."

Mama hakufoka. Alikunja zulia, akaleta jagi la maji, akamimina katikati ya korido. Maji hayakwenda mbele. Yote yalikimbilia ukuta wa kushoto, yakafuata ukuta hadi kwenye tundu la kutolea maji.

"Sakafu hii ilijengwa hivi makusudi, ili maji ya deki yatoke," mama alisema. "Mwenzio aliona, akakwambia. Haya, mwombe radhi, kisha kausheni hapa."

Chiriku aliomba radhi. Kimya akajibu, "Yameisha," akashika tambara. Walipomaliza, walikunja mabaki ya vitambaa vya mama na kuyapanga chini ya zulia upande wa kushoto, mpaka mpira ulipoachwa ukatulia pale pale. Halafu Chiriku akamsimamisha Kimya mbele ya kioo.

"Kumbe kiwiko changu kinatoroka," Kimya alisema kwa mshangao.

Juma lile alikuja kila siku. Wivu haukwisha. Jioni moja pigo la Kimya lilikuwa karibu kunyooka, naye akauliza, "Sasa je?" Chiriku alikiona kiwiko kinachomoka kidogo. Ilikuwa rahisi mno kusema ni sawa. Lakini akasema, "Bado. Kiwiko."

Jumamosi, mipira ya Chiriku ilikwenda shimoni moja kwa moja. Ya Kimya pia, na kiwiko chake hakikutoroka tena. Kimya akashinda kwa pigo moja. Kocha akampa nafasi, na Chiriku naye akafanywa mchezaji wa akiba wa kusafiri na timu. Chiriku alipiga makofi, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Walipokuwa wanarudi, mama, aliyekuja kutazama, alimuuliza, "Imekuuma?"

"Sana. Na wivu bado ninao."

"Wivu utarudi tena, hata mimi hunijia nikiona cherehani mpya ya jirani. Usiuache tu ukusemee. Msimu mzima ulikuwa unatazama mikono ya mwenzio, hukupata wakati wa kutazama sakafu unayoikanyaga. Kilichokufaa ni kioo, kwa sababu mbele yake ulijitazama wewe. Na ukweli uliomwambia Kimya kuhusu kiwiko, huo nimeufurahia kuliko nafasi yenyewe."

Chiriku akageuka na kumwita Kimya aliyekuwa nyuma yao na baba yake.

"Kesho unakuja?"

"Nakuja."

"Njoo na ile glavu," Chiriku alisema. "Nataka kuijaribu."